Kitu Kisichofungika Kwenye Kanga

Mama yangu akitaka kujua kama kitu kinafaa kuingia nyumbani kwetu, haulizi bei wala haulizi kazi yake. Anakinyanyua. Kama ni kidogo anakifunga kwenye pindo la kanga, kama ni kikubwa anakitia kichwani, halafu anatoka nacho mpaka barabarani na kurudi, mkono mmoja kaunyoosha pembeni kama anayemshika mtoto. Huyo mtoto ni mimi. Nimeshakuwa mtu mzima, nafundisha watoto wa watu, lakini kwa mama mimi bado ni wa kushikwa mkono siku ya kukimbia.

Kitu kikirudi salama, kinaingia. Kikimshinda, hata kiwe cha dhahabu, kinarudi kilikotoka. Ndiyo maana hatuna kabati. Kiti cha plastiki kilipita kwa sababu alikigeuza akakivaa kichwani kama kofia, akaenda na kurudi bila kutetereka, majirani wakampigia vigelegele. Meza haikupita. Fundi seremala aliileta mwenyewe begani, meza nzuri ya mbao ngumu, mama akaizunguka, akaugonga mguu mmoja kwa kidole cha gumba, akauliza, "Na hii inakimbia na nani?" Fundi akanitazama, nikatazama chini. Aliibeba akaondoka nayo, na mpaka leo tukikutana ananiuliza kama mama hajambo kwa sauti ya kumpa mtu pole.

Mtu wa mbali atacheka. Acheke tu. Huku Kionga, kaskazini ya Palma unapoelekea mto Ruvuma wa mpakani, hakuna nyumba isiyojua mama anaogopa nini. Mwaka ule wenye bunduki walipoingia tukakimbia, aliacha cherehani, akaacha mlango wa mninga ambao marehemu baba aliuchonga mwenyewe, akaacha mpunga haujapurwa. Alitoka na kanga mbili, na simu ya vitufe imefungwa pindoni. Mimi sikuwa naye. Nilikuwa Palma siku ile, nikakimbilia njia nyingine, na tangu hapo yeye hakujua kama niko hai, wala mimi sikujua kama bado nina mama.

Simu yake ilizima njiani. Kule kambini alikofikia alimpata mtu mwenye paneli ya sola akamchajia, ikawaka, na namba yangu ilikuwa humo. Nilikuwa kambi nyingine, kwenye foleni ya maji, simu ikalia. Sauti ya mama ikasema, "We, umekula?" Basi, hakuna salamu, hakuna nini. Nililia pale pale na ndoo yangu, watu wakadhani nimefiwa.

Kwa hiyo namwelewa. Nasema mapema kwamba namwelewa, ili mtu asinione mkosa adabu nitakapofika mahali pa kugombana naye.

Tuliporudi, nyumba ilikuwa imebaki kuta. Kibaraza cha mbele, alichokijenga baba kwa mawe ya pwani, kilikuwa kimebomoka, mawe yametawanyika uani. Tukaezeka makuti mapya, tukatandika mikeka, na nyuma ya mlango mama akaweka furushi. Ndani ya furushi kuna nguo, sufuria moja, chumvi, viberiti na vyeti vya kuzaliwa. Kila Ijumaa analifungua, anaanika vilivyomo, anafunga tena. Nyumba yetu ikawa kama kituo cha kusubiria gari. Ukikaa, unakaa nusu.

Shule ilipofunguliwa nikaanza kufundisha kwa mkataba wa muda. Wakubwa wa elimu walituambia bila kificho: mwenye diploma atabaki, asiyekuwa nayo atampisha mwenye nayo. Mimi nilikuwa nasoma kozi ya ualimu kwa mbali, ile niliyoianza kabla hatujakimbia, na nilikuwa nimebakiza kitu kimoja tu, monografia. Ndiyo kazi ya mwisho, unaandika utafiti wako mwenyewe, unaupeleka, wanaupokea au wanaukataa. Wangu ulihusu watoto wa darasa langu: namna wanavyosimulia jambo kwa Kiswahili cha nyumbani na namna wanavyokwama wakisimulia jambo lile lile kwa Kireno. Nilikuwa nimewasikiliza mwaka mzima, nimejaza madaftari. Kilichobaki kilikuwa kuandika vizuri, na majedwali yake, na kupeleka kabla ya prazo, tarehe ya mwisho ambayo haina huruma na mtu. Ikipita, darasa lile si langu tena. Nilikuwa nalitaka darasa lile, wallahi, kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote.

Sasa naandikia wapi? Madaftari hayapokelewi. Fedha niliyojaliwa ilitosha kitu kimoja.

Hapo ndipo anapoingia binamu yangu. Ni mtoto wa kaka yake mama, wale walioolea ng'ambo ya Ruvuma, duka lake liko Palma na bidhaa zake anazitoa Mtwara. Kwa kuwa ni binamu, mdomo wake hauna breki. Tangu utotoni ananiita mke wangu mbele za watu, nami namwita sura ya pweza. Nilimwambia shida yangu. Akasema anavyo vitu viwili na bei yake moja: simu mpya, nyembamba, ya kioo kitupu, na kompyuta ya kukunja, si mpya, ilishatumika na mtu mwingine, lakini nzima. "Nitakuletea vyote viwili nyumbani," akasema, "maana najua bila shangazi kuvibeba hakuna biashara."

Akaja na pikipiki siku tuliyotoka kupalilia. Mimi na mama tulikuwa uani, tumepaka msiro, ule mti wetu unaosugulia kwenye jiwe na maji mpaka utoke uji mweupe, unaupaka uso mzima jua lisikuchome na ngozi ibaki laini. Tulikuwa weupe macho tu yanaonekana. Binamu akaruka pikipiki, "Lo! Mke wangu yupi kati ya hawa?" Mama akamwambia, "We koma, kaoe mbuzi."

Simu haikuchukua muda. Mama akaifunga pindoni, akaenda barabarani, akarudi, akaipiga kofi kidogo ilipokaa kiunoni. "Hii sawa." Kisha akaichukua kompyuta, akaiweka kichwani bila kata. Ikateleza. Akaweka kata, ikateleza tena, maana ni laini na kichwa hakina pa kuishika. Basi akaifunga mgongoni kwa kanga kama mtoto mchanga. Alitembea nayo hatua chache, akainama kidogo kama alivyokuwa akiinama na wajukuu wa watu, na mimi nikasimama nikidhani itapita. Akafika barabarani, akageuka.

"Mvua inaipenda?" akamuuliza binamu.

"Mvua hapana, shangazi. Ikilowa imekufa."

"Ukianguka nayo?"

"Hapo utaomba Mungu."

Akaifungua mgongoni akaiweka juu ya mkeka. "Sinia hili haliliwi wali humu ndani. Chukua simu. Simu ndiyo iliyonirudishia mtoto."

Nikasema kompyuta ndiyo ninayoitaka. Nikaeleza majedwali, nikaeleza kurasa. Mama hakubishana, alinikata jicho tu, lakini kanga aliyokuwa anaikunja aliikunja na kuikunjua mara tatu, na mimi nikaona. Binamu naye, akitaka amani, akasema siku hizi watu wanaandika hata vitabu kwenye simu. Nikakubali, na nilikubali kwa hasira, naomba hilo lijulikane.

Binamu akaiandaa simu pale pale. Namba ya siri akaitia yeye mwenyewe, akasema akirudi kutoka Mtwara atakuja kunifundisha kuibadilisha. Kisha akaielekeza usoni kwangu. "Geuza kichwa. Inua kidevu. Haya. Sasa huna haja ya namba, sura yako ndiyo ufunguo. Ukiitazama tu, inafunguka." Nikaitazama, ikafunguka. Mama akasema mashallah. Sisi wote watatu, na mmoja wetu mfanyabiashara wa simu, hakuna aliyewaza kitu.

Utaratibu ukawa hivi. Asubuhi nanawa, nakwenda kufundisha, na simu inabaki pindoni kwa mama, maana ndiyo sharti alilolitoa: kitu cha thamani hakizagai. Nikirudi tunakwenda shamba, tunapaka msiro. Tukitoka shamba, mama anafungua pindo, ananipa simu, nami naandika nikiwa nimekaa kizingitini mpaka giza linaingia, ndipo ananinyang'anya. Naitazama, inafunguka. Niliandika hivyo msimu mzima wa palizi. Kidole gumba kilikufa ganzi. Herufi ndogo kama chawa, na nikitaka kuona sentensi ya juu, ya chini inapotea. Jedwali nililolipanga vizuri jana, leo nalikuta limepinda, namba za mtoto huyu zimehamia kwa mtoto yule. Narekebisha, linapinda tena. Nilikuwa naongea peke yangu. "Ebo! Si nimekuweka hapa?" Mama akawa anasema simu imenitia wazimu, nami nikamjibu kwamba aliichagua yeye.

Ikafika siku ya kuonana na msimamizi wangu. Yule mama, sote tulikuwa tunamwita doutora, alikuwa anatoka Pemba, mji mkuu wa mkoa wetu, mara chache, anakaa Palma siku moja kwenye chumba tulichoazimwa, anaona kazi za watu, anaondoka. Ukimkosa, umemkosa. Nikaoga, nikavaa buibui jipya, nikajitia manukato kidogo. Mama akafungua pindo akanikabidhi simu kana kwamba ananikabidhi bibi harusi. Nikapanda pikipiki, nikafika Palma na mapema.

Zamu yangu ilipofika nikakaa mbele ya doutora, nikatoa simu, nikaitazama.

Haikufunguka.

Nikaifuta kioo kwa buibui, nikaitazama tena. Nikatabasamu, labda inataka furaha. Nikanuna. Nikainua kidevu kama nilivyofundishwa. Ng'o! Inaomba namba ya siri, na namba ya siri anayo sura ya pweza. Nikatoa simu yangu nyingine, ya vitufe, nikampigia, haipatikani, yuko ng'ambo. Doutora alikuwa mpole, akasema tuwapishe wengine kwanza, lakini saa nane gari lake linaondoka.

Nikatoka nje nikasimama ukutani. Nilikuwa nataka kulia, na nilikuwa nataka kuitupa simu kwenye ghuba ya Tungue ikaliwe na samaki. Pale nje palikuwa na mama mmoja anakaanga vitumbua, uso wake mweupe pee kwa msiro. Nikawa namtazama bila kumwona. Halafu nikamwona. Mtume! Nikajishika mashavu. Yale ninayoyashika ni mashavu ambayo simu ile haijawahi kuyaona hata siku moja.

Nikamwendea. "Shikamoo mama. Naomba msiro wako."

"Marahaba. Wa nini, mwanangu? Umevaa umependeza, unataka kujichafua?"

"Simu hainijui."

Alinielewa kabla sijamaliza, akacheka mpaka kijiko kikamdondokea kwenye mafuta. Akaita wenzake wakaja kucheka nao. Lakini alinisugulia kipande chake kwenye jiwe, akanipaka mwenyewe, paji, pua, mashavu, kidevu, akisema, "Na hapa chini ya macho ulikuwa umepaka? Kumbuka vizuri, isije ikakukana tena." Nikarudi chumbani na buibui jipya na uso kama chokaa ya msikitini. Walimu wenzangu waliokuwa wanasubiri wakageuka kunitazama. Nikakaa, nikatoa simu, nikaitazama. Ikafunguka papo hapo.

Chumba kikalipuka. Doutora mwenyewe, mtu wa kusini ambaye sijawahi kumwona hata jino, alivua miwani akafuta machozi. Nami nikacheka, ningefanyaje. Lakini alipomaliza kucheka akachukua simu, akaanza kusoma, akasogeza kwa kidole, akasogeza, akarudi nyuma, na nikaona uso wake unabadilika.

"Ulichokiandika ni kizuri," akasema kwa Kireno, polepole, ili nisikose neno. "Hawa watoto nawasikia. Lakini majedwali haya siyasomi, kurasa hazina mpango, na hivi ilivyo hawataipokea. Itafute kompyuta. Ikikosekana, iache mpaka mwaka ujao."

Mwaka ujao! Mwaka ujao darasa langu lina mtu mwingine.

Nilikaa palepale nje kando ya vitumbua, msiro unanikauka na kunivuta ngozi, na hasira ikanipanda taratibu. Haikuwa hasira ya simu. Simu ilifanya kazi yake, ilihifadhi nilichoipa. Nilikasirika kwa sababu nilijua toka siku ya kwanza kipi kinanifaa, nikachagua cha kukimbia nacho. Nikaapa. Kwa sauti, yule mama wa vitumbua shahidi yangu, nikasema mimi sirudi Kionga bila ile kompyuta.

Duka la binamu lilikuwa na mke wake. Nikamwambia nasubiri. Nikasubiri kwao mpaka mume akarudi siku ya pili na mizigo yake, akanikuta nimekaa juu ya gunia mlangoni. Nilimsimulia mambo ya uso. Alivyocheka, sitasema. Kisha akasema, "Na shangazi?"

"Shangazi niachie mimi."

"Nikuachie wewe! Haya, nitakuja kukuzika." Lakini akaipokea simu tubadilishane, akahamisha kazi yangu yote kuingia kwenye kompyuta, akanipa na waya wake, na hakuongeza neno.

Mama alikuwa anafagia uani. Alipoona nilichokumbatia akaacha kufagia. Kwanza akashukuru Mungu kwamba niko hai, maana nilimpigia kwa vitufe kumwambia nalala Palma na hakuniamini. Kisha akanyoosha mkono. "Lete niijaribu upya."

"Hapana, mama."

Sikuwahi kumwambia hapana namna ile. Akashusha mkono.

"Hii haijaribiwi," nikasema. "Hii haikimbii. Najua haikimbii. Nimeichukua hivyo hivyo."

"Na wakija?"

"Wakija sijui. Lakini mimi siwezi kuishi kila siku kama wameshakuja. Tumerudi kwetu, mama, na bado tuko njiani. Hatuna meza. Hatuna kitanda. Furushi liko mlangoni, kila nikiingia najikwaa nalo. Nafundisha watoto wa watu kwamba watakaa hapa, watasoma hapa, halafu narudi nyumbani kwa mtu aliyevaa viatu vya safari. Nimechoka mimi! Nalitaka darasa langu. Simu ya vitufe unayo, na mimi ninayo, tutaitana kwa hizo. Hii ni ya kukaa."

Niliyasema yote kwa pumzi moja, na nilipomaliza nilikuwa nahema. Nilitegemea fagio. Mama akakaa chini, pale pale kwenye mchanga alioufagia.

"Wewe hukutembea nilikotembea," akasema.

"Sikutembea."

"Mimi naogopa, mwanangu. Nazi ikianguka naogopa. Pikipiki ya huyo mpumbavu wa ng'ambo ikija naogopa mpaka nione ni yeye. Ningekuwa na uwezo ningekufunga wewe kwenye pindo."

Nikakaa naye chini. Lakini kompyuta sikuiachia.

Akaninunia. Chai nilikuwa napewa, chakula nilikuwa napewa, maneno hapana. Nami nikashika kazi. Nilikuwa nachajia dukani kwa jirani mwenye paneli kubwa, narudi, nakaa juu ya mkeka, kompyuta juu ya kinu kilichopinduliwa. Kinu kiko chini mno, mgongo ulikuwa unaniuma mpaka nikisimama nasimama kama bibi kizee. Nikijaribu kukaa kwenye kiti cha plastiki na kuiweka mapajani, inapata joto na kuteleza. Lakini majedwali! Nilipanga safu, ikabaki safu. Nikaandika jina la somo juu, likabaki juu. Nikaona ukurasa mzima kwa jicho moja, kilichotangulia na kinachofuata, na watoto wangu wote wamekaa kila mmoja mahali pake. Nilikuwa nachekea kioo.

Mama alikuwa anapita pita. Siku moja akasimama nyuma yangu kwa muda mrefu, na hasomi Kireno. Siku nyingine, nimekaa kwenye kiti napumzisha mgongo, akaja na ukuti ameuchambua, fimbo tupu. Nikajikunyata, nikasema leo yamenifika. Hakunipiga. Akausimamisha ukuti sakafuni, akaupima mpaka kwenye kiwiko changu, akauvunja hapo, akaondoka nao. Sikuuliza. Mtu aliyekununia humuulizi.

Kazi niliimaliza na nikaipeleka kabla ya prazo, hilo nisilifiche kama hadithi za kutisha. Doutora aliipokea, akafungua kurasa, akasema, "Leo umekuja na uso wako," nikajua mambo yamekaa sawa. Walichukua muda wao, wakanihoji, wakanipitisha. Darasa ni langu. Lakini kabla ya hayo yote, nikiwa bado naandika sura ya mwisho, lilitokea jambo ambalo ndilo ninalolikumbuka kila nikikaa kuandika.

Nilitoka shule nikasikia sauti za wanawake toka barabarani. Nilipoingia uani nikawakuta majirani watatu wanakanyaga udongo kwa miguu, wamejifunga vibwebwe, wanaimba na kutukanana kama ilivyo desturi yetu tunapokandika nyumba. Nikadhani ukuta umeanguka. Mawe ya kibaraza cha baba, yale yaliyotawanyika uani tangu turudi, hayakuwepo. Nikaingia ndani.

Mama alikuwa amepiga magoti kwenye kona yenye dirisha, nyuma ya mlango, mahali pa furushi. Furushi lilikuwa limefunguliwa. Sufuria yake ilikuwa na chokaa, na moja ya kanga zake alikuwa amejifunga kichwani. Mawe ya baba yalikuwa yamepanda kutoka sakafuni, yamezamishwa chini kabisa kwenye shimo alilolichimba, yameungana na ukuta pande mbili, na juu yake ubao mpana umelaliwa na udongo uliolainishwa. Kimo chake kilikuwa kile kile cha ukuti. Yeye mwenyewe alikuwa na msiro usoni na chokaa mpaka kwenye viwiko, mweupe mtupu, anapaka ukingo kwa kiganja.

Nikasimama pale na mkoba wangu wa shule. Machozi yalikuwa yananijia na sikutaka ayaone, kwa hiyo nikafanya utani.

"Mama, na meza hii umeijaribu?"

Akafyonza. "Jaribu wewe. Inyanyue."

Nikaweka mkoba chini. Nikaingiza mikono yote miwili chini ya ukingo, nikakaza miguu, nikavuta kwa nguvu zangu zote. Haikutikisika hata kidogo.

"Basi imepita," akasema mama, akachovya mkono kwenye sufuria akaendelea kupaka.